Rodi ya Kushoto

Tarehe 2 Machi

Daftari hili ni la kuandikia mizunguko ya nati, wala sikukusudia kuweka humu mambo ya moyoni. Kitabu cha maelekezo ya mashine kilioza zamani chini ya paa linalovuja, na kichwa changu hakiaminiki tena. Juzi nilitafuta spana ya kumi na saba nusu saa nzima, kumbe nimeishika. Basi niandike.

Mashine yenyewe tunaiita Mbishi. Ni kile kimashine kifupi cha kupakia mchanga na tofali hapa yadini: magurudumu manne yasiyopinda, ndoo mbele, na dereva kabanwa katikati kama nguo kabatini. Hakina usukani wala pedeli. Kina liva mbili tu, moja kila mkono. Ya kushoto huendesha magurudumu ya kushoto, ya kulia huendesha ya kulia. Ukizisukuma sawa unakwenda mbele, ukitanguliza moja unakata kona. Hata ndoo huinuliwa kwa liva hizohizo, ukizilaza pembeni.

Dereva wake ni dada yangu wa mwisho, ambaye yadi nzima inamwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haujui kufungwa. Miguu yake haina nguvu tangu akiwa na miaka mitatu. Hutembea kwa magongo, na mashine huipanda kwa mikono, anajivuta juu ya ndoo mpaka kitini kwa mpigo mmoja. Mashine nyingine zote tulizowahi kuwa nazo hapa zinataka miguu. Hii haitaki. Ameiendesha miaka kumi na minne.

Kasoro ni mbili. Ukiachia liva, Mbishi hatulii: magurudumu ya kushoto yanarudi nyuma polepole yenyewe, na mashine inajizungusha. Na nikisukuma mimi liva zote mbili sawa, anavuta kushoto. Wiki iliyopita Chiriku aliachia liva ajifute jasho, na ndoo ikaenda kugusa ukuta wa ofisi. Meneja, ambaye ndiye mwenye yadi, alikuwa dirishani na kikombe chake. Hakupiga kelele. Alitoka, akaniambia nina msimu huu wa mvua wakati kazi ni chache. Mvua zikikatika, Mbishi awe anatulia akiachiwa na ananyooka akisukumwa. La sivyo atauzwa chuma chakavu, na itakuja mashine mpya yenye usukani na pedeli tatu.

Nikamuuliza, na dereva je? Akatazama ndani ya kikombe. Akasema wa mashine mpya atatafutwa.

Tarehe 3 Machi

Mvua kutwa. Hakuna kilichofanyika.

Tarehe 5 Machi

Nimempandisha Mbishi juu ya magogo manne, magurudumu yote yananing'inia. Nimeondoa kiti na bamba la chini yake. Tope lililotoka humo lingetosha kupanda mchicha. Chiriku amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akinieleza habari za jirani aliyemwoza binti yake, na za jirani wa jirani, na jinsi Mbishi anavyofanana na marehemu mjomba: mzuri wa kazi, ila huwezi kumwacha peke yake dakika moja. Nimecheka mpaka nati ikanidondoka ndani ya tope. Nimeitafuta dakika ishirini, na Mungu kanisaidia nikaipata.

Ushauri kwangu mwenyewe: usicheke ukishika nati.

Tarehe 6 Machi

Bushi za liva, vile vipete vya chuma zinamogeukia, zimelika. Matundu yaliyokuwa duara sasa yana umbo la yai, kiasi kwamba liva inacheza upana wa kidole kabla ya kuvuta chochote. Springi za kurudisha liva katikati zimelegea kama kamba za viatu vya zamani. Nimezipeleka kwa mkereza vyuma wa mtaa wa pili. Tunamwita Unywele, kwa kuwa kila kipimo kwake ni unywele mmoja, nywele mbili, ingawa kichwani hana hata huo mmoja. Kasema siku tano.

Tarehe 8 Machi

Leo nimefika kwenye rodi.

Kila liva ina rodi yake, fimbo ya chuma inayotoka kwenye liva kwenda kwenye pampu ya upande wake. Rodi ikiwa ndefu au fupi kuliko inavyotakiwa, pampu haipati katikati yake, na magurudumu hayajui kusimama. Ya kulia ni ya kiwandani, nyembamba na safi. Ya kushoto nilipoifuta grisi nikaona mshono wa kuchomelea katikati.

Kila fundi ana mwandiko wake wa kuchomelea. Wangu una mkia. Nikimaliza mshono huwa navuta mkono kidogo pembeni, na unabaki mkia mdogo kama wa panya. Mwalimu wangu alinipiga sana kwa ajili ya mkia huo na haukuisha. Rodi ya kushoto ina mkia wa panya.

Nikakumbuka. Miaka kumi na moja iliyopita rodi hii ilikatika asubuhi ya kazi nyingi. Nikachukua kipande cha chuma cha shokomzoba ya lori, nikakiunga, nikakifunga, nikamwambia yule meneja wa zamani kwamba hii ni ya wiki moja tu mpaka spea ije. Spea haikuja, na mimi sikuulizia tena. Nimeiweka rodi yangu kando ya ile ya kulia juu ya benchi. Ni fupi kwa upana wa dole gumba.

Chiriku aliuliza nimeona nini. Nikasema kutu.

Tarehe 9 Machi

Mvua. Nimenoa patasi ambazo hazikuhitaji kunolewa.

Tarehe 11 Machi

Bushi ziko tayari na zimeingia kwa mkono, bila nyundo. Huyu Unywele ni zawadi kwa mtaa huu, nami sijawahi kumwambia. Nimemwachia rodi zote mbili anikatie mpya ya kushoto. Aliigeuzageuza ile yangu chini ya taa, akauliza ni mshenzi gani aliyefanya kazi hii. Nikasema sijui, ilikuwepo. Amenikatia mpya kwa unywele wake uleule.

Nimetembea kurudi nikiwa na aibu ya mtoto aliyeiba sukari.

Tarehe 13 Machi

Rodi mpya, bushi mpya, springi mpya. Nimewasha injini Mbishi akiwa bado juu ya magogo. Kushoto magurudumu yakajongea mbele. Nikalegeza nati ya kubana, nikazungusha rodi robo. Yakapungua. Robo nyingine. Yakasimama. Kulia hayakuhitaji kitu. Nikabana nati, nikasukuma liva na kuziachia mara kumi, na mara zote kumi magurudumu yamesimama.

Nilimshukuru Mungu kwa sauti, mpaka wapanga tofali wakageuka.

KUSHOTO: robo mbili, kufupisha.

Tarehe 14 Machi

Nilishukuru mapema. Leo nimemwacha aungurume nusu saa, oili ikapata moto, na magurudumu ya kushoto yakaanza safari yao tena, sasa ya kurudi nyuma. Nilikuwa nimerekebisha mashine baridi. Oili baridi ni nzito na inadanganya. Jambo hili nililifundishwa nikiwa na miaka kumi na tisa na nimelifundisha wengine. Mganga hajigangi.

Tarehe 15 Machi

Nimerekebisha ikiwa moto. KUSHOTO: rudisha nusu ya robo. Kisha nikashughulikia boliti ndogo zinazozuia liva mwisho wa safari yake, ili pande zote mbili ziishie pamoja. Jioni nimemshusha Mbishi, nikakaa kitini mwenyewe, nikasukuma liva zote mbili. Amekwenda kutoka geti mpaka lundo la kokoto kama aliyevutwa kwa kamba. Nikaachia. Akasimama kimya.

Nimemwambia Chiriku kesho ni zamu yake. Akanikumbatia, grisi na yote.

Tarehe 16 hadi 20 Machi

Mvua, mvua, mvua. Yadi ni ziwa. Mke wangu anamkanda Chiriku bega la kushoto kwa mafuta ya moto kila baada ya kula, kama kila msimu wa mvua. Linamsumbua siku nyingi. Mimi husema ni uzee unabisha hodi, naye hujibu kwamba kwangu uzee uliingia bila hodi.

Tarehe 21 Machi

Siku mbaya.

Asubuhi jua lilitoka na Meneja akataka mchanga uhamishiwe kando ya banda la kukaushia tofali. Chiriku akapanda. Akajaza ndoo, akarudi nyuma, akaanza kwenda. Nilikuwa mlangoni mwa gereji nikitabasamu kama mpumbavu. Hatua kumi za kwanza niliona anaelekea kulia, nikadhani anakwepa dimbwi. Hakuwa anakwepa. Alirekebisha kushoto, akanyooka, kisha taratibu kulia tena, na njia ile ni nyembamba, na lile tope linateleza. Ndoo ikapiga nguzo ya pembeni ya banda. Nguzo ikakatika. Paa likalala juu ya safu mbili za tofali mbichi kwa mlio ambao bado nausikia.

Wapanga tofali wawili walikuwa wameingia kunywa chai. Dakika tano kabla yake walikuwa chini ya paa lile. Naandika sentensi hii mara ya pili: walikuwa wameingia kunywa chai. Asante, Mungu. Asante kwa chai.

Chiriku alizima injini, akabaki kitini, mikono juu ya mapaja. Nilipofika akasema, "Kaka, inavuta kulia."

Nikasema haiwezekani. Nikampandisha magogo hapohapo, nikapima, nikawasha, nikaachia. Imetulia. Nikamshusha, nikaiendesha mwenyewe mbele ya watu wote. Imenyooka. Meneja akaniuliza mimi, si yeye, mashine ina kosa au haina. Nikajibu kama fundi. Nikasema mashine haina kosa.

Ni maneno matatu. Niliona uso wa mdogo wangu yalipomfikia.

Meneja akasema basi jibu limepatikana. Mnunuzi wa chuma chakavu anapita tarehe tisa mwezi ujao. Mpaka siku hiyo Chiriku asipande mashine mbele ya watu. Kama siku hiyo kuna mtu wa kumwonyesha kwamba dereva na mashine vinaelewana, aonyeshe. Sina cha kumlaumu. Paa lilikuwa lake, na watu wale ni wake pia.

Tarehe 22 Machi

Chiriku hakuja kula. Kasema ana kazi ya kushona.

Tarehe 23 Machi

Tumegombana. Alisema nimeharibu mashine nikaficha. Nilisema labda macho yake yamechoka. Alisema mimi ndiye mzee hapa. Nilisema mengine ambayo sitayaandika. Tumebishana maisha yetu yote kwa kicheko, na hii haikuwa na kicheko. Alipoondoka nikasikia magongo yake kwenye tofali za ua, mapigo mawili na kituo, mpaka mlango wake.

Tarehe 24 Machi

Nimepima tena rodi zote mbili. Sawa. Nimepima upepo wa tairi. Sawa. Nimeanza kufikiri kwamba kweli mdogo wangu amepungukiwa.

Tarehe 27 Machi

Ni Jumapili na yadi imefungwa. Nilimwomba Chiriku aje akae kitini injini ikiwa imezimwa, anisaidie kusikiliza mlio fulani. Nilidanganya, hakuna mlio. Nilitaka kumwangalia mikono. Alikuja kwa sababu hawezi kukataa kusaidia, hata akikasirika.

Nikamwambia afumbe macho asukume liva zote mbili sawa, nusu ya safari, kama anakwenda mbele kwa mwendo wa kawaida. Akasukuma. Nikauliza, ziko sawa? Akasema sawasawa. Nikamwambia afumbue macho atazame.

Liva ya kushoto ilikuwa mbele ya ile ya kulia kwa upana wa dole gumba.

Akazirudisha, akafumba tena, akasukuma tena. Dole gumba. Mara sita. Mara ya saba alizisawazisha kwa macho, akasema hivi mkono wake wa kushoto unahisi umebaki nyuma, kama mtu aliyevaa kiatu kimoja.

Nilikaa chini kwenye tope. Nikaona jambo lote kwa pamoja. Miaka kumi na moja rodi yangu fupi ilikuwa ikivuta upande wa kushoto nyuma, na miaka kumi na moja huyu mtu aliutanguliza mkono wake kwa kiasi kilekile nilichopunja, akienda na akisimama, kila siku ya kazi. Hata akipumzika hakupumzika, maana akiachia inajizungusha. Alinyoosha kwa bega lake kile nilichopinda kwa uvivu wangu. Mikono yake ilipoona ni kazi ya kila siku ikaacha kumwarifu. Mazoea yana tabu. Kisha nikaja mimi, nikaondoa kosa mwezi huu bila kumwambia ukubwa wake, na mikono yake ikaendelea kurekebisha kitu ambacho hakipo tena. Aliligonga banda kwa uaminifu.

Akauliza, "Kwa nini mikono yangu inafanya hivi?"

Nilipaswa kumjibu. Nikasema nitafikiri.

Tarehe 28 Machi

Nimemweleza mke wangu kila kitu wakati anachambua mchele. Hakuinua macho. Akaniuliza bega analolikanda miaka yote hii ni lipi. Nikasema la kushoto. Akaendelea kuchambua kidogo, kisha akasema, "Mficha uchi hazai. Nenda ukamwambie kabla hajala, maana akila atakusamehe kwa shibe."

Sikwenda. Nilisema naenda, nikaishia kwenye bomba kunawa mikono ambayo ilikuwa safi.

Tarehe 29 Machi

Nimemwambia.

Nilibeba ile rodi ya zamani. Alikuwa kwenye cherehani, chumbani kwake, mlango wazi kwa ajili ya mwanga. Nikaiweka mezani mbele yake, nikamwonyesha mkia wa panya. Anaujua, yeye ndiye aliyeupa jina tukiwa vijana. Nikasema mimi niliiunga, nikasema ya wiki moja, nikaisahau. Nilipoiona mwezi huu nikaificha. Unywele aliponiuliza nikaikana. Nikasema siku ya banda nilimjibu Meneja ukweli wa nusu, na nusu hiyo ikakuangukia wewe. Nikasema bega lako ni kazi yangu.

Sikulia, lakini sauti yangu ilifanya mambo yake.

Alichukua rodi, akaipima kwa dole gumba lake. Nikasema akipenda naweza kuirudisha mashine ilivyokuwa, mizunguko miwili tu, mikono yake itaikuta kama ilivyoizoea, na tarehe tisa atanyooka bila shida. Nilikuwa nimeifikiria njia hiyo kwa dhati. Akasema, "Usiiguse."

Hilo tu. Chiriku, ambaye huaga kwa robo saa, alisema neno moja, akazungusha gurudumu la cherehani kwa mkono, akaendelea kushona.

Kutoka hapo nimekwenda moja kwa moja kwa Meneja. Nimemwambia kosa ni la fundi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema tarehe tisa haibadiliki, ila Chiriku aruhusiwe kufanya mazoezi watu wakishatoka. Kisha akasema hajawahi kuletewa habari mbaya na mtu asiyelazimishwa. Nikatoka nikiwa mwepesi kidogo. Nimepita pia kwa Unywele. Nikamwambia mshenzi ni mimi. Akasema alijua, mkia ule anauona kwenye mageti ya mtaa mzima.

Tarehe 30 Machi

Amekuja saa kumi na moja jioni. Hakuzungumza nami. Amepanda, amekwenda kutoka geti mpaka lundo la kokoto mara ishirini. Mvua nyembamba.

Nilisoma alama za tairi kwenye tope baada ya yeye kuondoka. Zimepinda kulia zote, kama ndizi.

Tarehe 31 Machi

Ndizi.

Tarehe 1 Aprili

Ndizi. Bado hazungumzi nami. Anazungumza na mke wangu, ila hunyamaza nikiingia. Sikujua ua wetu ulikuwa na kelele kiasi gani mpaka ulipotulia. Hata njiwa wa jirani nawasikia.

Ninastahili.

Tarehe 3 Aprili

Leo amefunga kitambaa chekundu kwenye kidole cha mkono wa kushoto. Nadhani ni cha kumkumbusha. Safari ishirini na tano. Zile za mwisho zimepinda kidogo kuliko za mwanzo. Nimezitazama mpaka giza likaanza kuingia, na mvua ikaja ikazifuta.

Tarehe 4 Aprili

Mvua kubwa. Hakuja. Nikasikia kutoka chumbani kwake kitu kikigonga. Mke wangu kasema amefunga mipini miwili ya fagio kwenye meza na anaisukuma, macho kafumba.

Nimekaa kibarazani nikisikiliza. Huyu ndiye niliyesema macho yake yamechoka.

Tarehe 6 Aprili

Safari nane za kwanza zimenyooka. Ya tisa akachoka, ikapinda. Akasimama, akapumua, ya kumi ikanyooka.

Tarehe 7 Aprili

Zimenyooka. Nilitaka kumpigia makofi, nikaona sina haki. Nimepaka tu grisi kila pini niliyoweza kuifikia, na ambazo hazikuhitaji nikazipaka pia.

Tarehe 8 Aprili

Mbingu imefunguka. Nimempima Mbishi akiwa baridi na akiwa moto. Hakuna cha kuzungusha.

Tarehe 9 Aprili

Ninaandika haya mchana, nikiwa nimekaa kwenye hatua za gereji.

Lori la chuma chakavu lilifika saa mbili. Mwenye lori alimzunguka Mbishi akigonga mabamba kwa kifundo cha kidole. Meneja alikuwa amewapangisha watu tofali kavu, safu mbili kutoka geti mpaka bandani, na nafasi kati yake haizidi upana wa ndoo kwa zaidi ya kiganja kila upande. Mwisho wa safu alisimamisha tofali moja wima. Akasema: ndoo ijae, ipite, isimame karibu na tofali hilo, liva ziachiwe, injini isizimwe. Kisha akaamuru kila mtu akae nyuma ya ukuta. Sikuhitaji kumkumbusha.

Chiriku alipanda kwa mpigo mmoja kama siku zote. Kitambaa hakikuwepo kidoleni. Alijaza, akageuka, akaingia kati ya safu.

Mimi nilitazama mikono tu. Liva zilikuwa sambamba. Katikati ya njia, pale panapoteleza, ya kushoto ilianza kutangulia, kidogo sana, unywele mmoja. Niliona anaihisi. Akairudisha. Hakuna tofali lililoguswa. Alisimama ndoo ikiwa kidole kimoja kutoka lile tofali la wima, akaachia, akainua mikono yote miwili juu.

Mbishi aliunguruma palepale aliposimama. Tulihesabu, sijui nani alianza, wapanga tofali wote kwa sauti ya chini, mpaka mia. Tofali lilikuwa limesimama. Meneja akamwambia mwenye lori samahani kwa usumbufu, akampa chai, na yule bwana akaondoka na mapipa mawili yaliyotoboka ili asirudi mtupu. Kisha Meneja akamwambia Chiriku kuna mchanga unamngoja. Nimemwona akifuta macho kwa mkono wenye kikombe.

Nilisubiri mpaka mchanga ukaisha. Chiriku alizima injini na hakushuka. Nikasogea, nikaanza kumwomba tena msamaha, maana siku kumi na moja za kunyamaziwa ni nyingi na nilikuwa nimetunga hotuba. Akanikatiza.

"Sikuwa nimekununia, kaka. Niliogopa kufurahi kabla sijaona."

Sikuelewa. Akaeleza, na Chiriku alirudi kamili, maneno yakimtoka bila kituo. Kwamba siku ile miaka kumi na moja iliyopita nilipofunga rodi, aliendesha, akaja kuniambia inavuta. Nami, mikono ikiwa kwenye kazi nyingine, nikamjibu mashine ni nzima, labda ni mkono wako. Mimi sikumbuki hata kidogo. Yeye aliondoka na neno hilo. Aliamini: Mbishi kujizungusha akiachiwa ni uzee wa mashine, lakini kule kuvuta ni mkono wake. Miguu iliondoka akiwa na miaka mitatu, akajua sasa mkono ndio unaofuata. Kila asubuhi kwa miaka kumi na moja aliukaza mkono wa kushoto, akausikia unauma, akahesabu umebakiza muda gani. Hakumwambia mtu, hata wifi yake aliyekuwa akimkanda. Ukiisha mkono, mashine imeisha, na magongo yameisha.

"Kumbe ilikuwa rodi," akasema. "Nimeipima siku kumi na moja, kaka. Ni rodi tu. Mkono wangu ni mzima."

Aliuinua ule wa kushoto juu ya kichwa chake, akauzungusha, akauangalia kama kitu alichokopeshwa zamani na leo ameambiwa ni chake. Halafu akaniambia ahsante. Mimi. Nilikuja na hotuba ya kuomba msamaha, nikashukuriwa, na sikujua mikono yangu niiweke wapi.